Zabibu za Upande wa Kivuli

Kwa miaka thelathini na minne nilibandika lebo za chupa kwa akina Peirasso, kwa hiyo haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia Ilda mwenyewe tulipokuwa tumekaa wawili tu, kopo la gundi katikati yetu. Ilda alikuwa mke wa Severo Peirasso. Leo ukilitaja jina hilo kwa mtu anayejua mvinyo, iwe Torino au Tokyo, anakaa vizuri kitini. Zamani halikuwa jina la kumkalisha mtu vizuri. Walikuwa watu wa kilimani kama sisi wengine, wenye ng'ombe wawili na ugali wa mahindi asubuhi na jioni, na zabibu zao waliwauzia madalali wa mji wa Alba, ambao huonja tunda moja, hukunja uso, kisha hutaja bei kana kwamba wanakutolea sadaka.

Kijiji chetu, Montarello, kina vilima viwili vinavyotazamana, na kijito katikati. Kilima cha Peirasso kinapigwa na jua kutwa. Theluji huyeyuka pale kwanza. Kile kingine tunakiita Kivulini. Huko ndiko alikozaliwa Ilda, binti wa mzee Bramardo. Baba yake aliporudi vitani mwaka 1946 alipanda mizabibu kwenye mteremko wote kwa mikono yake, Ilda akimshikia vijiti, na watu walimcheka. "Bramardo, hiyo zabibu itaiva Krismasi!" Mzee alikufa mizabibu ikiwa imekomaa, na shamba likabaki kwa mdogo wake Ilda, Giuseppe, ambaye hapa hakuna aliyewahi kumwita kwa jina ila Gepin.

Ilda alipoolewa na Severo, watu walisema amevuka maji akaota jua. Alicheka, hakukasirika. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na pua ambayo haikudanganywa na kitu. Severo alijua kazi ya shamba. Lakini aliyejua lini pipa lifunguliwe na lini liachwe lilale alikuwa Ilda. Ni yeye aliyemwambia mumewe, "Mpaka lini tutawatajirisha madalali? Tutie mvinyo wetu kwenye chupa zetu, tuandike jina letu." Severo aliogopa mwaka mzima. Mwishowe akakubali, na mfanyabiashara mmoja wa Zurich akaja, akaonja, akaahidi kuchukua chupa zote za mavuno yanayofuata, mradi ziwe za kilima kile kile cha jua. Mavuno yaliyofuata yalikuwa ya mwaka 1978.

Tarehe ishirini Agosti mwaka ule, saa tisa mchana, mvua ya mawe ilikipiga kilima cha Peirasso kwa dakika kumi na moja. Ilipita kama mkanda mwembamba. Upande wa pili wa kijito, Kivulini, hata jani halikutoboka. Severo alikwenda akaketi kwenye ukuta wa mawe juu ya shamba, akaweka kofia magotini. Zabibu zilikuwa chini zimepondeka, nyuki tayari wamejaa.

"Basi," alisema. "Tumekwisha. Tunarudi kwa madalali, kama bado watatutaka."

Ilda alishuka kwenye kijito, akavua viatu, akavuka, akapanda kwa kaka yake.

Gepin alikuwa na miaka thelathini na minane, mfupi, mpenda utani, na alipomwona dada yake amelowa mpaka magotini alisema, "Jua limechoka na wewe, dada? Karibu kwenye baridi yetu."

"Gepin, nipe zabibu zako."

"Zote?"

"Zote. Nitakulipa kama anavyolipa dalali, siwezi zaidi."

"Dalali wa mwaka huu atanilipa matusi. Anasema za Kivulini ni za kutengenezea siki." Akamtazama. "Utazifanyia nini?"

Akamwambia. Gepin alichokonoa udongo kwa kisigino.

"Mtaandika kwamba ni za kilima chenu."

"Mwaka huu tu. Huyu mtu wa Zurich akikosa mzigo wa kwanza, harudi."

"Chukua," alisema Gepin. "Lakini mkipata jina, dada, nitaje. Useme zilitoka wapi. Sitaki kingine. Valerio wangu ameanza kuulizia kazi kwenye kiwanda cha magari Torino. Watu wakijua zabibu za babu yake zina thamani, labda atabaki."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa kwa roho ya baba," alisema Ilda. Na aliponisimulia haya, miaka mingi baadaye, alilirudia neno hilo mara mbili, kama mtu anayebonyeza jeraha kuona kama bado linauma.

Walizihamisha Jumapili ya sikukuu ya kijiji, mwezi wa kumi, saa sita mchana, wakati Montarello nzima ilikuwa uwanjani ikitazama mchezo wetu wa mpira unaopigwa kwa ngumi na kutukanana kuhusu waamuzi. Trekta la Gepin lilipita njia ya chini kando ya kijito, mara tano, makreti yamefunikwa kwa turubai. Sisi tulikuwa tunashangilia mpira. Hakuna aliyesikia.

Sasa, kiangazi cha mwaka ule kilikuwa cha moto mkali. Zabibu zilizosalia kwenye vilima vya jua vya vijiji jirani ziliungua, zikawa tamu kupita kiasi. Za Kivulini ziliiva polepole, taratibu, kama kitu kinachopikwa kwa moto wa makaa. Ilda alijua tangu siku ya kwanza ya kukamua. Aliweka pua juu ya pipa, akainua uso, akamwambia Severo, "Njoo unuse." Severo akanusa. Akanusa tena.

Mvinyo ulilala miaka mitatu na zaidi. Ulipofunguliwa, mtu wa Zurich alionja, kisha akaomba kiti. Mwaka 1983 ulishinda nishani ya kwanza Torino, na gazeti likaandika kwamba kilima cha Peirasso kina jua ambalo Mungu amelitenga. Wageni wakaanza kuja, kwanza wawili wawili, halafu kwa mabasi. Ndipo nami nikaajiriwa. Lebo nilizobandika siku ya kwanza zilikuwa na picha ya kilima, na jua juu yake lenye miale saba.

Gepin alikuja wiki moja baada ya nishani. Alivaa suti yake ya harusi. Mimi nilikuwa uani nikikausha chupa, nikawasikia.

"Hongera, shemeji. Hongera, dada. Nimekuja kusikia mmesemaje."

Severo alimkaribisha, akamkalisha, akamkatia soseji kavu. Kisha akasema, "Gepin, ndugu yangu, tumia akili. Tukisema leo kwamba mvinyo wa kilima hiki haukutoka kilima hiki, wanatuvua nishani, wanatupeleka mahakamani. Na zabibu zako zitabaki zile zile."

"Sikuongea na wewe, shemeji. Niliapiwa na dada."

Ilda alikuwa amesimama karibu na jiko. "Subiri kidogo, Gepin," alisema. "Mwakani. Tukishasimama vizuri."

"Mwakani," alisema Gepin. Hakugusa soseji.

Alirudi mwaka uliofuata, akaambiwa mwakani. Valerio alikuwa ameshakwenda Torino. Mara ya tatu ilikuwa mwishoni mwa Januari mwaka 1985, baridi imebana. Tulikuwa chumba cha lebo, Ilda na mimi, aliposikia sauti ya Gepin langoni. Akaninong'oneza, "Tersilla, mwambie sipo." Akajibanza nyuma ya rafu.

Nilitoka. "Hayupo, Gepin. Amekwenda Alba."

Alitazama dirisha la chumba tulichotoka. Meza ilionekana, na vikombe viwili vya kahawa vikitoa mvuke. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Basi mwambie dada yangu ambaye hayupo," alisema, "kwamba Jumatatu naanza kung'oa. Nimepata mtu wa miche ya njugu za mitini. Kiwanda cha chokoleti kinanunua njugu zote, hakiulizi zimeota upande gani."

Nilirudi ndani. Ilda alikuwa amesikia kila kitu. Nilimwambia, "Kimbia, kabla hajafika njiani." Alishika ukingo wa rafu. Alisema baadaye kwamba miguu yake ilikataa, lakini mimi nilikuwepo, na niseme kweli: miguu yake haikukataa. Alikuwa anafikiria. Siku ile ile alikuwa anawangoja Wajerumani wa kununua mzigo wa miaka mitano. Alifikiria mpaka Gepin akavuka kijito.

Jumatatu trekta lilianza saa mbili asubuhi. Kwa sababu vilima vinatazamana, sauti inavuka bonde kama mtu yuko chumba cha pili. Ilda alitoka barazani na shali lake, akasimama. Ungeweza kuona kila kitu: mnyororo unafungwa kwenye shina, trekta linavuta, shina linatoka na mizizi yake mirefu, linatupwa kwenye lundo. Safu moja, halafu nyingine. Severo alitoka akasema, "Ni shamba lake. Na njugu zina soko." Ilda hakugeuka. Saa sita alikataa kula. Saa kumi lundo likachomwa moto, na moshi ukaja upande wetu, ukaingia mpaka chumba cha lebo.

Kuanzia siku hiyo kaka na dada hawakuzungumza. Kanisani Gepin alihamia benchi la upande wa pili. Mama yao alipokufa, walisimama pande mbili za kaburi, na kila mmoja akatupa udongo wake.

Na jina la Peirasso likapanda. Sitasema lilipanda kwa uongo tu, maana nitakuwa nawakosea watu waliofanya kazi. Ilda alifanya kazi kama punda. Alipogoa mizabibu mwenyewe, alikataa kuvuna mapema, alimwaga mapipa mazima ambayo wengine wangeyauza bila aibu. Mvinyo wa miaka iliyofuata ulikuwa mzuri kweli, na ulitoka kilimani kweli. Lakini watu walipoonja wa '84 au wa '90, waliulinganisha na ule wa kwanza, kisha wakasema, "Umekaribia." Zaidi ya miaka thelathini Ilda aliambiwa amekaribia zabibu za kaka yake.

Ule wa '78 hakuunywa kamwe. Ukifunguliwa mbele ya wageni, alisema tumbo linamsumbua. Aliponifundisha kazi alikuwa mcheshi, mtu wa kupiga soga. Nilimwona akikauka mwaka hadi mwaka. Kila Agosti ishirini alifua mashuka yote ya nyumba, machafu na masafi. Mara moja nilimuuliza kwa nini hamwambii padri. Akasema, "Nilimwambia. Alinipa sala kumi. Nilitaka anikaripie."

"Basi nenda kwa Gepin."

"Niende na nini, Tersilla? Shamba limeshaungua."

Severo alikufa mwaka 2009. Binti yao Nives, aliyesomea mvinyo, akashika usukani, akajenga ukumbi wa vioo unaotazama bonde. Nives hakujua lolote. Mwaka 2018 aliamua kusherehekea miaka arobaini ya mavuno yaliyowafungulia njia. Aliwaalika watu sitini: wanunuzi, waandishi, mwonjaji mmoja mashuhuri kutoka kaskazini ambaye walimwogopa kama hakimu. Zilifunguliwa chupa kumi za '78. Ilda alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikalishwa mbele, amevaa gauni la buluu. Mimi nilikuwa nimestaafu, nikaalikwa kwa heshima.

Yule mwonjaji alizungusha bilauri, akafumba macho, akasema, "Ninalisikia jua. Jua la kilima hiki, sawasawa."

Watu wakatikisa vichwa. Na Ilda akasimama. Nilidhani anakwenda msalani.

"Husikii jua, bwana," alisema. "Unasikia kivuli."

Wakacheka kwa adabu. Alingoja wanyamaze. Kisha akaelekeza mkono kwenye vioo, ng'ambo ya bonde, kwenye miti ya njugu. "Mvinyo huu ulitoka kule. Kwetu mvua ya mawe haikuacha kitu. Zilikuwa zabibu za kaka yangu Gepin Bramardo, zilizopandwa na baba yangu. Niliapa kumtaja, sikumtaja. Aling'oa mizabibu mimi nikitazama kutoka hapa hapa, kabla ya vioo hivi. Yote mnayoyaona yalianza kwa mali ya mtu mwingine." Akaketi.

Halafu jambo la ajabu likatokea: mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata. Mwanamke mmoja akafuta machozi. Mwandishi mmoja akauliza kama kaka mwenyewe yuko hai na kama anaweza kupigwa picha karibu na miti. Ilda aliwatazama kama mtu aliyejisalimisha kituo cha polisi akapewa keki.

Jikoni Nives alikuwa mweupe kama chokaa. "Mama, kwa nini hukuniambia mimi? Kwa nini mbele yao?"

"Kwa sababu wewe ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo! Unajua umefanya nini?"

"Najua nilichofanya. Hiki cha leo ndicho kidogo."

Asubuhi yake aliniomba nimpeleke kwa gari langu Kivulini. Alipakata chupa moja ya '78 kama mtoto mchanga. Njia nzima hakusema kitu ila mara moja: "Polepole," nami nilikuwa naenda polepole.

Gepin alikuwa uani, ametandaza njugu juani, anazigeuza kwa reki. Miaka sabini na minane, mgongo umepinda. Alitutazama tukishuka, akaendelea kugeuza.

"Gepin," alisema Ilda. "Nimesema. Jana. Nimesema yote."

"Nimesikia. Mtu wa gazeti alipiga simu saa moja. Anataka nivae kofia." Akaegemea reki. "Uliwaambia kina nani?"

"Wageni wote."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Ilda alitazama njugu.

"Miaka arobaini nangoja uliseme neno hilo nikiwepo. Umekwenda kuwaambia Wajerumani."

"Nisamehe."

"Usiniharakishe," alisema Gepin. "Mimi nilikungoja."

Alimwonyesha kiti kwa kidevu. Ilda akaketi, akamnyooshea chupa. Gepin aliipokea, akaisoma lebo, akaigeuza huku na huku kama kitu cha dukani. Ndipo nilipoelewa, na nikaona Ilda naye ameelewa: katika miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumpelekea hata chupa moja.

Aliingia ndani, akatoka na kizibuo na glasi tatu za kunywea kahawa. Akajimiminia. Akanywa kidogo, akakaa nayo mdomoni. Akanywa tena. Macho yake yalikuwa kwenye mteremko, kwenye miti.

"Sikujua," alisema.

"Hukujua nini?"

"Kwamba ilikuwa hivi." Sauti yake ilishuka. "Nilidhani watu wa mjini wanatia chumvi. Nilidhani wewe ndiye uliyeifanya iwe nzuri, kwa ufundi wako. Nilikuwa nataka tu nitajwe, kwa ajili ya Valerio na baba. Lakini nilimwamini dalali, dada. Niliamini ni za siki. Ningeonja hii, nisingeng'oa hata shina moja."

Ilda aliweka viganja usoni. Sijawahi kumsikia mtu akilia vile. Ilikuwa kama kitu kinachokatwa kwa msumeno. Gepin hakumgusa. Alimmiminia glasi yake, akaisukuma mbele yake.

"Kunywa," alisema. "Kunywa, ujue ulichokitupa."

Ilda akanywa, kwa mara ya kwanza. Alimaliza yote.

Mambo baadaye yalikwenda hivi. Wanunuzi watatu walirudisha mizigo, gazeti moja likaandika kwa dhihaka, na jina la Peirasso likayumba miaka miwili, kisha likasimama, kwa sababu mvinyo wa siku hizi ni wa kweli. Nives alikasirika miezi saba. Halafu akachapisha lebo mpya kwa chupa zilizosalia za '78, tisini na nne, zenye jina la Bramardo na neno Kivulini. Alinipigia simu niende nizibandike. Nilikwenda. Valerio, ambaye ni mstaafu wa kiwanda sasa, alikuja kutoka Torino akachukua sita, hakukaa kula. Ilda alimwomba Gepin ruhusa apande upya mteremko ule kwa gharama zake. Alijibiwa, "Mzabibu unataka miaka kumi na mitano kuanza kusema kitu. Hesabu umri wetu, halafu niulize tena." Hakuuliza tena.

Badala yake alikwenda kwake kila Alhamisi kuchambua njugu, kutenga nzima na zilizooza. Mimi ndiye niliyempeleka. Walizungumza kuhusu bei ya dizeli, maumivu ya magoti, na nani amekufa. Habari ya msamaha Gepin hakuitaja, na Ilda hakuiomba mara ya pili. Siku nyingine walicheka. Siku nyingine Gepin aliamka vibaya, akamwachia kikapu mlangoni akaingia ndani, na Ilda akachambua peke yake mpaka nikaja kumchukua.

Ilda alifariki majira ya baridi mwaka 2021, akiwa na miaka themanini na minne. Mwezi mmoja kabla, nikimkatia kucha, aliniuliza kama nadhani mtu anaweza kufanya kazi nzuri maisha yake yote na bado isitoshe. Nilitaka kumwambia inatosha. Nilimjua sana, sikuweza kumdanganya, nikaendelea kukata kucha.